Chaguo la Kukataliwa

Tuliokaa na Roz Keough chumba kimoja tulijua ameanza kuandika uongo pale alipovua viatu. Alivisukuma chini ya meza kwa kisigino, akakunja mguu mmoja juu ya kiti, akala saladi yake ya mchana kwa mkono wa kushoto, na kwa mkono wa kulia akachapa upesi upesi, bila kupumzika, kama mtu anayemsengenya jirani. Ukweli haukumtoka hivyo. Ukweli aliuandika viatu vikiwa miguuni, polepole, akifuta na kurudia, akiinuka mara kwa mara kwenda kuitazama ramani iliyobandikwa ukutani kati ya dirisha na mashine ya kahawa.

Nauita uongo kwa sababu mimi si mtu wa kupamba. Jengoni kwetu una jina la heshima zaidi, huitwa machaguo. Wakubwa wa Washington wanapotaka kuamua taifa letu liifanye nini nchi ya watu, lazima waletewe karatasi yenye machaguo matatu. La pili, lile la katikati, ndilo ofisi inalolitaka. La kwanza na la tatu huwekwa ubavuni pake ili lionekane lina akili. La kwanza huwa la woga uliopitiliza, la tatu huwa la wazimu, na mkubwa akishayapitia yote hushusha pumzi, akachagua la katikati, akajiona mtu wa busara aliyepima mambo kwa mizani. Kila aliyemo jengoni anaujua mchezo huo, na hakuna anayeutaja, kama vile watu wa nyumba moja wasivyotaja kwamba baba yao amevaa nywele za bandia.

Roz alikuwa fundi wa machaguo ya ubavuni. Wengine huyaandika kivivu, mstari mmoja au miwili, na mkubwa mwenye macho huona mara moja kwamba anachezewa. Yeye aliyapa hoja, akayapa takwimu, na palipohitajika akayatia hata huzuni kidogo. Watu wa ofisi nyingine walikuja kusimama mlangoni petu na vikombe vyao vya karatasi, wakijichekesha. "Roz, mwenzangu, nisaidie chaguo la kwanza la nchi yangu. Nimelishindwa, kila nikiliandika linakuwa zuri."

"Lete hapa," alikuwa akisema. "Ila utaninunulia kahawa."

Nchi aliyoishughulikia yeye ilikuwa Kastovia, nchi ya milima ambayo wananchi wenzetu wengi hawajapata kuisikia, na wakiisikia hudhani ni dawa ya kikohozi. Kaskazini yake kuna bonde linaloitwa Lumeni, ambalo watu wake wana lugha yao na kanisa lao, na serikali yao haiwapendi kwa yote mawili. Miaka ya nyuma jeshi liliingia bondeni mara moja, likawakusanya wanaume waliokuwa kwenye kinu cha kusagia ngano, na halikuwarudisha. Baada ya hapo taifa letu, kwa aibu zaidi kuliko huruma, lilipeleka waangalizi. Walikuwa watu wasio na silaha, wenye magari meupe na darubini. Waliegesha magari yao kwenye daraja la kuingilia bondeni, wakakaa. Hawakuwa na uwezo wa kumzuia hata mbwa. Lakini jeshi halikuvuka tena, kwa kuwa mambo kama yale ya kinuni lilitaka kuyafanya bila kuonekana.

Roz alikuwa miongoni mwa waangalizi wa mwanzo. Alipanga chumba kwa mkalimani wao, Ilinka Dorvat, mwanamke wa rika lake, mjane wa mmoja wa wale waliochukuliwa kinuni. Ilinka alimfundisha lugha, akamfundisha kutukana kwa lugha hiyo, akamfundisha kuhifadhi zambarau katika siki. Roz aliporudi nyumbani na kupewa meza ya Kastovia, waliendelea kupigiana simu. Mara nyingine aliiweka simu kwenye spika mikono ikiwa imejaa kazi, na hivyo hata mimi, ambaye meza yangu ni ya nchi jirani, niliizoea sauti ya Ilinka na kicheko chake kinachoanza kabla hajamaliza utani wenyewe.

Majira hayo ya kuchipua, karatasi iliyotakiwa ilikuwa ya waangalizi hao. Muda wao ulikuwa unakwisha. Chaguo la pili lilisema waendelee mwaka mwingine. La tatu lilisema waongezwe maradufu na tuache kuiuzia Kastovia silaha, jambo ambalo hakuna mkubwa wa mji huu angelisoma bila kucheka. La kwanza lilisema waondoke wote.

"Nikiandika tu kwamba waondoke, wataona nimesimamisha sanamu la kutishia ndege," Roz aliniambia, miguu peku, akichokoa nyanya ndani ya kisanduku cha plastiki. "Lazima niwape sababu ya kuondoka."

"Kwani ipo?"

"Haipo, Walt. Ndiyo maana nimeanza na chakula."

Akaandika. Kisha akanisomea, kwa sauti ya mtangazaji wa habari: "Viongozi wa jamii za Lumeni wamekwisha kujenga maelewano yao, kimyakimya, na maafisa wa jeshi wa ngazi ya kati, na kuwepo kwa waangalizi sasa kunayakwamisha maelewano hayo."

"Tamu mno hiyo," nikasema. "Punguza."

"Nikiipunguza itajulikana." Akacheka, akafuta vidole kwa kitambaa cha karatasi, akaendelea.

Kisha karatasi ikatoka kwenda kupitishwa. Hapa kwetu hakuna karatasi inayopanda kwa wakubwa kabla kila ofisi yenye neno haijalisema neno lake, na hakuna ofisi isiyo na neno. Watu wa sheria wakatoa sentensi moja na kuweka tatu. Watu wa haki za binadamu wakadai aya. Watu wa silaha wakadai aya hiyo iondoke, wakapatanishwa kwa kuibakiza aya na kuondoa maana. Watu wa bajeti wakaongeza "kwa kadiri itakavyowezekana" kila palipokuwa na kitenzi. Vita vyote hivyo vilipiganwa juu ya chaguo la pili, kwa kuwa ndilo litakalopita, na kila mmoja alitaka alama ya meno yake ionekane. Liliporudi mezani kwetu lilikuwa kama nyama iliyotafunwa na ukoo mzima na kutemwa kwenye sahani. Chaguo la kwanza hakuna aliyeligusa. Nani apoteze wino wake kwa kitu cha kukataliwa? Lilirudi kama lilivyotoka mikononi mwa Roz, fupi, safi, lenye kusomeka.

Roz aliliona hilo. Alimpelekea bosi wetu, Garrett Holcomb, akamwambia la pili haliko sawa tena, mtu hawezi hata kujua waangalizi wanabaki au wanaondoka.

Garrett alikuwa kijana wa suti za bluu, mwenye meno mazuri, ambaye hajafika Kastovia lakini aliweza kulitamka jina la rais wake kama mzaliwa. "Usiumize kichwa, Roz," akasema. "Nimekwisha kuongea na kila mtu. Ni la pili. Mkutanoni tunakwenda kugonga meza tu na kurudi."

Chumba cha mkutano hakina dirisha. Wakubwa huketi kuizunguka meza, na nyuma ya kila mkubwa, ukutani, kuna kiti kwa ajili ya yule aliyeandika anachokwenda kukisema mkubwa wake. Wa ukutani hawasemi mpaka waulizwe. Yaliyotokea mle ndani nimeyapata kwa Roz mwenyewe, neno kwa neno, na amenisimulia mara nyingi kuliko nilivyopenda.

Sehemu kubwa ya muda ilikwenda kwenye karamu ya mgeni wa taifa fulani kubwa, na kama mkewe aketishwe karibu na waziri wa fedha au mbali naye. Kastovia ilifikiwa watu wakiwa wameanza kukusanya simu zao. Mwenyekiti, Adele Frankel, mwanamke mkavu mwenye miwani iliyoning'inia shingoni, aliifungua karatasi. Kabla hajasema, mtu wa biashara akanyoosha kalamu.

"Samahani, Adele. Kwanza kuna kuku."

"Kuku gani tena?"

"Seneta wetu wa kusini. Amekalia majina ya mabalozi wote wapya, hataki Seneti iyapigie kura mpaka Kastovia inunue kuku wa jimboni kwake. Na rais wa Kastovia anasema atafungua bandari kwa kuku hao siku atakapoondolewa yale magari meupe."

"Kuku mzima?"

"Mapaja. Vidari tunavila wenyewe."

Wakacheka mezani, na ukutani wakacheka kwa adabu. Roz anasema naye alicheka. Anaikumbuka sauti yake mwenyewe.

Frankel alivaa miwani. "Mimi karatasi hii nimeisoma ndani ya gari. Niseme kweli, la pili sijalielewa. Nimelisoma, nikalirudia, nikadhani ni usingizi. La tatu ni vichekesho. La kwanza limeeleweka." Akageuza ukurasa. "Hili la viongozi wa Lumeni kuelewana na maafisa wa jeshi. Garrett, ni kweli?"

Garrett aligeuka kwenye kiti chake. Hakuwa anamuuliza Roz. Macho yake yalikuwa yakimtahadharisha. Na meza nzima ikageuka pamoja naye, nyuso zote zikamtazama yule mwanamke wa ukutani ambaye kwa miaka mingi hakuna aliyemwona.

Jibu lilikuwa neno moja, na Roz alikuwa nalo mdomoni. Anaapa alikuwa nalo. Lakini ulimi uliofunzwa humu kwa miaka yote hiyo ulimtangulia. Akasema, "Ni hoja inayoweza kutolewa, Bi. Frankel."

"Basi imetolewa. Garrett, ofisi yako?"

Alikuwa ameingia na la pili. Alikuwa ameahidi la pili. "Ofisi yangu haina kinyongo na la kwanza," akasema Garrett, na akaandika kitu kwenye karatasi yake, ingawa hapakuwa na kitu cha kuandika.

Mkutano ulifungwa kabla ya wakati, na Frankel akawashukuru wote kwa hilo.

Jirani zangu, tukiwa tunachoma nyama uani Jumapili, huniuliza taifa huamuaje mambo yake ya nje. Wanafikiri kuna chumba chenye ramani kubwa na watu wasiolala. Wengine wanafikiri kuna njama, na wanaponiambia hivyo hupunguza sauti na kunisogelea. Natamani ingekuwepo njama. Kwenye njama angalau kuna mtu amekaa akafikiri. Mimi hugeuza nyama yangu kwenye moto, nikawaambia ni mambo magumu, kwa kuwa sina moyo wa kuwaelezea mapaja.

Asubuhi iliyofuata kulikuwa na keki. Ofisi yetu hula keki kwa kila jambo, mtu akizaliwa, akihama, akistaafu, na siku hiyo Garrett alinunua ile kubwa ya mstatili, imepakwa sukari ya bluu, imeandikwa "Hongera Timu ya Kastovia". Majina ya mabalozi yalikuwa yamepigiwa kura jioni ile ile. Watu wa ofisi za jirani, ambao hawakuwa na habari na Kastovia, walikuja na sahani za karatasi. Roz alisimama mbele ya Garrett bila sahani.

"Sentensi ile niliitunga," akamwambia.

"Sentensi ipi?" Garrett alikuwa akilamba sukari kwenye kidole gumba.

"Ya maelewano. Hakuna maelewano. Hakuna maafisa wa ngazi ya kati. Nilikuwa nakula saladi, nikaitunga."

"Usijishushe hivyo, Roz. Ulifanya tathmini."

"Garrett, nisikilize. Nilitunga. Jeshi likivuka lile daraja, watu watachukuliwa kama walivyochukuliwa kinuni. Nenda kwa Frankel umwambie tumekosea."

Watu walikuwa wameanza kutazama sahani zao. Garrett aliweka mkono begani kwake, kwa upole, kama daktari anayekuja na habari mbaya, akampeleka ofisini kwake na kuacha mlango wazi. Alimwonyesha ripoti iliyokuwa imeingia asubuhi hiyo kutoka kwa wapelelezi. Vyanzo kadhaa, ilisema ripoti, vinaeleza kwamba viongozi wa jamii za Lumeni wamekwisha kujenga maelewano yao, kimyakimya, na maafisa wa jeshi.

"Unaona?" akasema Garrett. "Hata wao wanalijua."

"Hii ni karatasi yangu. Wameinakili. Hata ile 'kimyakimya' wameiacha palepale."

"Basi wamekubaliana na wewe." Akatabasamu, na nadhani, Mungu anisamehe, alikuwa anaamini anamfariji. "Kula keki, Roz. Umetuletea ushindi."

Jioni msemaji wetu aliisoma sentensi ile mbele ya kamera. Kesho yake ilikuwa magazetini. Balozi wetu kule akaisema kwenye chakula cha mchana na mawaziri wa Kastovia, ambao bila shaka walishangaa sana, kisha wakafurahi sana, kisha wakasema ndiyo, ndivyo ilivyo. Na kauli yao hiyo ikatumwa kwetu kama uthibitisho, ikatua mezani kwa Roz ili aiweke kwenye jalada. Niliona alivyoishika ile karatasi, kwa ncha za vidole, mbali na mwili, kama mtu anayetoa panya aliyekufa nyuma ya jiko. Mimi mwenyewe nilitaka kunawa mikono.

Ilibaki njia moja, ambayo jengo letu linajivunia. Afisa yeyote, hata wa chini kabisa, anaruhusiwa kumwandikia waziri wa mambo ya nje moja kwa moja kwamba taifa linakosea, na ni haki yake ajibiwe. Tunaelezwa sana haki hiyo wiki ya kwanza ya kazi, kisha hatuisikii tena. Roz aliandika. Aliandika viatu miguuni, akifuta na kurudia, akiitazama ramani. Aliutaja mkutano, akaitaja saladi, akalitaja daraja. Aliniletea nisome, na nakiri ndiyo karatasi pekee ya jengo hili niliyoirudia kusoma bila kuamriwa. Akaipeleka ghorofa ya juu kwa mkono wake.

Ilirudi. Haikuchukua muda. Garrett aliiweka juu ya meza ya Roz, imebandikwa kijikaratasi cha njano.

"Imeshuka kwa ajili ya rasimu ya majibu," akasema. "Utaratibu ni kwamba ofisi inayohusika ndiyo inaandika. Na Kastovia hapa ni wewe."

Roz aliitazama. "Nijijibu mwenyewe?"

"Waziri ndiye atakayejibu. Wewe unamwandalia tu." Alionekana kuona aibu kidogo, kisha ikampita. "Iwe ya heshima. Tumezipokea hoja zako, tumezipima, tunathamini moyo wako. Unajua zinavyoandikwa, wewe ni bingwa. Na usichelewe, kuna kikomo cha siku."

Alipoondoka nilicheka. Nilicheka mpaka machozi yakanitoka, halafu nikauona uso wa Roz, nikanyamaza. Alikuwa ameshaanza kuchapa. Niliona mistari miwili, mitatu, kwenye kioo cha kompyuta yake. Kisha akasimama ghafla, akatoka, na kupitia ukutani nikasikia bomba la chooni likimwaga maji kwa muda mrefu. Aliporudi, nywele za mbele zilikuwa zimelowa.

"Unajua kinachonitia kinyaa?" akaniambia, bado amesimama. "Siyo Garrett. Siyo yule mama na miwani yake. Nimekaa pale kuandika jibu la kujikatalia mwenyewe, na limekuja, Walt. Limekuja bila taabu. Na ni zuri. Nimelisoma nikaanza kuona huyu mwanamke aliyelalamika kweli ana jazba kidogo."

Nilimwambia alifute. Akalifuta. Nikamwambia anywe maji, akanywa. Akavaa miwani, akaivua. Kijikaratasi cha njano kilibaki mezani siku hiyo na zilizofuata, na Garrett alipouliza kuhusu rasimu alimwambia anaifanyia kazi, na hilo ndilo lilikuwa jambo la kwanza alilowahi kumdanganya akiwa anamtazama usoni.

Simu ililia asubuhi moja, tukiwa hata hatujavua makoti. Roz aliiangalia namba, akaniangalia mimi. Nilishika mpini wa mlango nitoke nimwache peke yake.

"Kaa," akasema. "Tafadhali kaa." Akaiweka kwenye spika.

"Roz, shoga yangu." Ilikuwa ni Ilinka, sauti yake ikikwaruzakwaruza. Kule jua lilikuwa limeshaanza kushuka. "Habari za huko? Mama yako hajambo mguu?"

"Hajambo. Ilinka, mko salama?"

"Magari yameondoka jana. Mkuu wao ameniachia darubini, eti kumbukumbu." Kicheko chake kilianza, kisha kikakatika. "Sasa nisikilize, nina haraka kidogo. Redio hapa inasema Marekani inajua kwamba viongozi wetu wameelewana na maafisa wa jeshi. Nikajiambia, basi kuna jambo limenipita. Nimezunguka nyumba kwa nyumba. Nimemuuliza padri, nimemuuliza mwenye kinu, nimewauliza hata wale wazee wasioongea na mtu. Kila mmoja anakataa, na kila mmoja anadhani ni mwenzake. Watu wameanza kuangaliana vibaya."

"Ilinka..."

"Subiri, simlaumu mtu. Siasa zenu sizielewi, na nikizielewa sijui zitanisaidia nini. Mimi nataka jina tu. Ninyi mnasikiliza simu za dunia nzima, hamwezi kukosa jina. Huyo afisa ni nani? Kwa sababu askari wako darajani tangu asubuhi. Vitoto tu, wanakunywa chai, wanasubiri mkubwa wao afike. Nikiwa na jina naweza kwenda sasa hivi nikamuulizia, nikamwambia sisi ndio wale aliokubaliana nao. Pengine atatukumbuka."

Roz aliweka viganja vyote viwili juu ya meza.

"Hayupo," akasema.

"Hayupo kazini?"

"Hayupo kabisa. Hakuna maelewano, Ilinka. Hakuna afisa. Niliyaandika mimi."

Spika ilikwaruza. Nilingoja matusi. Niliyatamani, yale yote aliyomfundisha Roz, kwa lugha zote mbili, na ningeyapokea nikiwa nimesimama.

"Uliandika wewe," akasema Ilinka. Hakuwa anauliza. Alikuwa kama mtu anayetafsiri kwa ajili ya mwingine na anataka kuhakikisha amelipata neno. "Ulimtoa wapi?"

"Sikumtoa popote. Nilimtunga. Niliandika ili likataliwe."

Aliposema tena, sauti yake ilikuwa imeshuka, ikawa karibu na simu, kama ameigeukia ukuta.

"Hilo sijalielewa. Utanieleza siku nyingine, tukijaliwa. Roz, uani kwangu watu wamejaa. Niliwaambia nina rafiki yangu huko, aliwahi kulala kwenye nyumba hii, nitampigia na nitatoka na jina. Sasa nikitoka, nikawaambie nini?"

Roz alinitazama mimi, nami nikatazama zulia. Hakuna upande uliokata simu. Nyuma ya Ilinka tuliwasikia watu uani wakizungumza kwa sauti za chini, mtoto mmoja akiambiwa anyamaze, wote wakingoja mlango ufunguliwe.